Mwalimu Teodori na Ugoko wa Binti Yake

Kwa miaka thelathini na mmoja Mwalimu Teodori alifundisha hesabu katika shule ya msingi, lakini ukiwauliza waliosoma kwake watakusimulia habari za mbio. Saa tisa mchana aliwatoa watoto darasani, akawapanga kando ya barabara ya vumbi, akasimama na saa mkononi na filimbi mdomoni. Alikuwa na jicho. Mtoto akimpita mara mbili tu, alishajua pumzi yake ni ya mita mia nane au ya elfu tano, na kisigino chake kinapiga vizuri au vibaya. "Wewe, kiatu hicho kinakuumiza," angesema. "Kesho njoo peku."

Mwaka wa pili baada ya kustaafu, asubuhi moja akipalilia mahindi yake pale Nangara, jembe lilimdondoka. Alipotaka kuliokota, mkono wa kulia ulikataa. Hadi anafikishwa hospitali mguu nao ulikuwa umelegea na mdomo umekwenda upande. Kiharusi kilimwachia akili yake yote, kikamnyang'anya maneno.

Hilo ndilo watu hawakulielewa. Walimwona hasemi, wakadhani hafikiri. Kumbe ndani mambo yalikuwa yamepangika kama zamani, ila neno alilolitaka halikutoka, lilitoka lingine. Alitaka maji, akasema "Ijumaa". Alitaka kumwita mkewe Dorika, akasema "daftari". Vilivyobaki vizima ni vile alivyovisema maisha yake yote bila kuvifikiria: marahaba, asante, na sala. Jumapili kanisani alisali Baba Yetu mwanzo hadi mwisho kwa sauti yake ileile ya ualimu, hadi wageni wakageuka kumtazama. Nje ya kanisa, mtu akimuuliza amelalaje, alibaki anatafuna hewa.

Mambo yalikuwa hivyo siku jina la Vailet lilipotoka. Vailet alikuwa binti yao wa pekee, amemaliza chuo kikuu na kukaa nyumbani mwaka mzima akisaidia shamba. Ameitwa mafunzo ya awali katika chuo cha maofisa wa jeshi, na anatakiwa kuripoti baada ya wiki nne. Dorika alipiga vigelegele hadi majirani wakajaa uani. Teodori alilia. Tangu augue machozi yalikuwa karibu, lakini safari hii yalikuwa ya furaha.

Jioni hiyohiyo akaja Wilbroad, mdogo wake Dorika, mgambo wa kata, mtu wa kujitolea na mwenye sauti kubwa.

"Wiki nne ni chache mno," alisema. "Miezi ile uliyokimbizwa JKT kabla ya chuo imeshakutoka mwilini. Tunaanza kesho. Kilomita kumi, kila siku."

"Kila siku, mjomba?"

"Kwani huko jeshini watakuuliza kama umechoka?"

Teodori alishtuka pale kwenye kiti chake cha plastiki barazani. Mtu aliyekaa mwaka mzima hakimbizwi kilomita kumi siku ya kwanza! Huanza na tatu, tena kwenye udongo, leo mbio, kesho mapumziko. Alifungua mdomo.

"Ijumaa," alisema. "Ij… Ijumaa!"

"Siyo Ijumaa, shemeji, ni kesho," Wilbroad alimjibu kwa upole, akampigapiga begani.

Wakaanza. Kila alfajiri walishika lami kuelekea Singe na kurudi, mjomba juu ya baiskeli, Vailet chini na raba zilizolika soli. Wiki ya pili Wilbroad akamvisha begi lenye mchanga mgongoni. Majirani walitoka kumshangilia. Siku ya tisa, Vailet akiingia getini, jicho la Teodori likakamata kitu: mguu wa kushoto ulikuwa unaibia. Ulikanyaga haraka ukaondoka, kama mtu anayekanyaga majivu ya moto.

Jioni Vailet alikaa kwenye ngazi ya baraza, akawa anasugua ugoko kwa kidole gumba, mahali pamoja, palepale. Teodori alikitazama kidole kile. Misuli ikichoka, mguu mzima huuma. Mfupa ukianza kupasuka, maumivu hukaa sehemu moja ndogo. Aliwahi kuyaona hayo kwa msichana mmoja wa darasa la saba, Fabiola, aliyejikaza asikose mashindano, mfupa ukaja kuvunjika katikati ya uwanja mbele ya macho ya mwalimu wake.

"Shikamoo, baba," Vailet alimwambia alipoona anamtazama.

"Marahaba." Hilo lilitoka bila shida. Akamshika binti yake kiganja kwa mkono wa kushoto, akajikusanya. Neno lilikuwa *pumzika*. Alikuwa analiona, limenyooka kama limeandikwa ubaoni. Akalivuta, jasho likimtoka usoni.

"Utuokoe," alisema. Silo. Akatikisa kichwa, akajaribu tena kwa nguvu zake zote. "Utuokoe… maovuni. Amina."

Vailet akapiga magoti. "Amina, baba."

Dorika alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni machozi yakimlengalenga. "Baba Vailet anambariki mtoto wake," alisema. "Mungu mkubwa."

Teodori aliugonga mguu wa Vailet kwa vidole, akatikisa kichwa, akaugonga tena. Vailet akaubusu mkono ule, akainuka kwenda kuoga.

Zikiwa zimebaki siku tano, akaona afanye analoliweza. Dorika na Vailet walikuwa kisimani. Alijiburuta na fimbo yake hadi dirishani zilipoanikwa raba, akazibana kwapani, akazisukumiza ndani ya gunia la mahindi stoo. Kazi hiyo ilimchukua karibu nusu saa, na aliporudi kitini alikuwa anatetemeka, lakini moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

Walizitafuta hadi jioni. Dorika ndiye aliyezikuta, alipokwenda kuchota mahindi ya kusaga.

"Dada," Wilbroad alisema kwa sauti ya chini, ingawa si chini ya kutosha, "kichwa nacho kimeanza kuondoka. Jiandae."

Vailet alizikung'uta raba, akazipandisha juu ya kabati, mahali ambapo baba yake asingefika. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Teodori, kuonewa huruma na mtoto wake. Kuanzia siku hiyo Dorika alianza kumlisha uji kwa kijiko, wakati mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima kabisa.

Siku ya safari Vailet alivaa sketi ndefu, akapiga magoti kuaga, akanyooka kwenda getini ambako bodaboda ilisubiri kumpeleka stendi. Alitembea bila kuchechemea. Teodori aliona jinsi alivyouma meno ili asichechemee, akajua kwamba hata Vailet mwenyewe alishajua.

Zilipita siku kumi na mbili. Simu ilipigwa wakati wa chakula cha mchana, na Dorika akaweka spika. Vailet alikuwa analia. Mguu ulikuwa umekataa kwenye matembezi, wakampiga picha. Ugoko una ufa, na daktari alisema ufa huo ulianza kabla hajaripoti. Wanamrudisha nyumbani. Ataomba upya nafasi zikitangazwa, lakini hakuna aliyemuahidi kitu.

Alirudi na bandeji ngumu hadi chini ya goti. Wilbroad alikuja kutoa pole, akakaa dakika tano akiangalia sakafu, akaaga. Baba na binti walipobaki peke yao barazani, Vailet alivuta kigoda karibu na kiti cha baba yake.

"Baba, ulijua?"

Teodori aliitikia kwa kichwa.

"Sasa kwa nini huku…" Vailet alianza, akajisikia anachokisema, akafunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Tangu hapo Dorika aliacha kumlisha uji. Walianza kumwuliza mambo kwa maswali ya ndiyo na hapana, na kusubiri ajibu. Bandeji ilitolewa, Vailet akapata kibarua cha kufundisha masomo ya ziada Bagara, akawa anatembea polepole kwenda na kurudi. Mwaka uliofuata nafasi zikatangazwa tena. Umri wake ulikuwa bado unaruhusu, kwa mara hii tu.

Alimletea baba yake simu, akamsomea tangazo lote, akauweka mguu wake wa kushoto juu ya mapaja ya mzee.

"Baba, unaujua kuliko mimi. Utahimili?"

Teodori aliupapasa ugoko kutoka juu kwenda chini, polepole, akarudia. Mahali palipopasuka pameota kinundu kigumu. Huenda mfupa umeshika, huenda haujashika, na hata angerudishiwa maneno yake yote saa ile asingekuwa na la kumwambia. Vailet alimtazama usoni, akisubiri ndiyo au hapana. Mzee hakuitikia wala hakukataa, aliendelea tu kuupapasa.