Tapeti Nilizozibana

Kazi yangu Tunduma ni kukagua makaratasi ya malori kabla hayajavuka kwenda Zambia. Natafuta makosa ya watu tangu asubuhi mpaka jioni, na nayapata. Ukizoea kazi ya namna hiyo unarudi nayo nyumbani. Unaona chumvi imezidi kabla hujaonja.

Kwetu ni Mbozi, kwenye kahawa, si mbali na misheni. Baba ana mgongo wa chura, ile Volkswagen ya zamani yenye injini nyuma, inayopozwa kwa upepo badala ya maji. Kila baada ya miezi michache alikuwa akiseti tapeti mwenyewe, yaani kurekebisha nafasi za valvu. Alilala juu ya gunia, akafungua kifuniko, akapitisha fila, kile kipande chembamba cha chuma cha kupimia, kwenye nafasi ya kila valvu. Nafasi ikizidi, injini inapiga kelele. Ikibana, valvu inaungua. Sharti lake lilikuwa moja: gari lilale kwanza usiku mzima, injini ipoe kabisa. Alinifundisha nikiwa darasa la sita, na nilishika upesi.

Mwaka juzi nilikwenda likizo nikamkuta chini ya gari. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Nati ilimdondoka mara tatu, akawa anaipapasa kwenye majani.

"Baba, niachie mimi," nikamwambia.

"Mwanangu, kazi hii nilianza kabla mama yako hajanijua."

Nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshatoa hukumu: mzee amekwisha.

Kesho yake, Jumapili, alituendesha kanisani na kuturudisha. Baada ya chakula akaenda kwa miguu kumwona mgonjwa wa jirani. Nikachukua gunia. Nikagusa injini, ilikuwa na uvuguvugu tu, nikajiambia habari za gari kulala ni mambo ya wazee. Nikapitisha fila. Ikapita bila kugusa popote, valvu ya kwanza, ya pili, zote nane. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi kumkuta baba yangu na makosa manane. Nikazibana moja moja, nikafunga, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga, na sikumwambia mtu.

Wiki kadhaa baadaye gari likaishiwa nguvu kwenye mlima, baba akielekea Vwawa. Nilikuwa nimekuja nyumbani siku fundi alipofungua na kutuonyesha valvu iliyoungua ukingoni.

"Zilibanwa, mzee," alisema kwa adabu. "Mara nyingi ni mtu kuseti injini haijapoa. Nafasi inaonekana kubwa, unabana. Ikipoa, nafasi hakuna."

"Mimi siseti injini ya moto," baba alisema. Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma. "Basi ni hii."

Hapo ndipo pa kusema, na mdomo ninao. Nilitazama viatu vyangu. Fundi akanigeukia, ati tumshukuru Mungu haikutokea ajali, nikaitikia amina. Hata sasa nikiikumbuka ile amina uso unaniwaka.

Baba hakufungua tena kifuniko kile. Huwaambia watu kanisani, tena kwa kucheka, kwamba aliiua injini kwa mikono yake, na sasa fundi wake ni binti yake. Wananipa mkono wa pongezi. Naupokea.

Jumamosi iliyopita nililala juu ya gunia asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi kabisa. Yeye alikaa kwenye kigoda karibu na gurudumu. Kisha akanyoosha mkono.

"Niruhusu valvu moja tu," alisema. "Nikikosea utanirekebisha."

Nikampa fila. Mkono ulitetemeka mpaka kile chuma kilipoingia kwenye nafasi yake, kisha ukatulia. Akakaza, akapitisha tena, akanirudishia. Nikapima.

"Iko sawa, baba."

Hakuamini. Akaniomba nipime tena, nami nikapima tena, badala ya kumwambia.