Mihuri Iliyofutwa Kwenye Bastola Nyeusi

Siku yangu ya kwanza kazini, dukani kwa Madam kule mtaa wa Al Baraha, nchi ya Waarabu, nilikaa saa nzima nimeshika kioo cha kukuzia bila kuuliza nikitumie wapi. Ndivyo nilivyo, kuuliza kwangu ni mtihani. Nimestaafu baada ya likizo moja tu ya shule, lakini nakuandikia wewe utakayekalia kiti kile, maana hasira bado haijanitoka.

Duka linauza vitu vya kale. Kabatini mlikuwa na rivolva, bastola za silinda inayozunguka, zote zimezibwa mitutu zisipige tena. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Mzee Faki, mjuzi wa duka, mtu wa Unguja aliyeianza kazi hiyo kabla mama yangu hajaolewa.

"Hii ya lini?" aliniuliza, akinipa moja nyeusi.

Nikamwonyesha tarehe iliyochongwa juu ya mtutu.

"Khalas, umeshanasa! Hiyo tarehe ya hataza, siku mtu alipoandikisha wazo lake. Kwani wewe ulizaliwa siku babako alipopeleka posa?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Alinifundisha taratibu. Nambari husomwa kwenye fremu, yaani kiunzi cha bastola, kwenye silinda, kisha chini ya vibao vya mpini. Zisipolingana, kuna kipande kimebadilishwa. Mihuri midogo ya wakaguzi hutaja kiwanda na kipindi. Na ile rangi ya kahawia si uchafu, ndiyo umri wenyewe, haiguswi kwa msasa. Kila mhuri niliuchora kwenye daftari langu kwa penseli, kwa vipimo. Mzee hakuwa mtu wa kusifu, ila alipoona mchoro wa ile nyeusi alisema, "Mkono huu hausemi uongo."

Kisha Mzee akaenda kufanyiwa operesheni ya jicho, na mkuu wangu akawa Madam mwenyewe. Asubuhi hiyohiyo alimwita fundi mwenye mashine ya kung'arishia.

"Wateja wanataka kitu king'ae. Yalla, fundi, anza na hii nyeusi!"

Nilijua kuwa haiguswi. Maneno yalifika kwenye meno, yakarudi. Nilisimama kama kinyago huku mihuri ikigeuka vumbi. Bastola ilitoka inang'aa kama sufuria ya biharusi, haina alama hata moja. Hasira ya siku ile ni yangu juu yangu mwenyewe.

Hasira juu ya Madam ilikuja kesho yake, mteja alipouliza bastola ni ya lini.

"Habibti, lete lile daftari lako," Madam akaniambia pembeni. "Fundi atachonga mihuri upya, afuatishe michoro yako. Nani atajua?"

Nikalikumbatia daftari.

"Wewe bubu, nasema na wewe!"

"Sikupi, Madam."

"Unasemaje?"

"Michoro hii ni ya bastola uliyoiua. Hiyo inayong'aa mimi siijui."

"Basi toka! Nenda kwenu!"

Nikatoka. Nikaenda mpaka kituo cha basi, daftari kwapani.

Jioni nilikwenda kwa Mzee Faki, jicho lake limefungwa bandeji. Nilimweleza yote, nikingoja aniambie hongera.

"Ulisema lini?" akauliza. "Kabla ya mashine, au baada?"

"Baada, Mzee."

Akaligusa daftari langu kwa kidole.

"Basi andika hivyo hivyo. Usirudishe tarehe nyuma."

Nimeandika. Ilikuwa baada.