Maneno Arobaini ya Msusi wa Kyebando

Kilichoninyima usingizi Jumatatu ile ni swali ambalo mtu mwenye akili tulivu angelijibu huku akipiga mswaki: nimwambie au ninyamaze? Mwanafunzi wangu alikuwa na mtihani wa fasihi ya Kiingereza siku ya Ijumaa. Nilikuwa nimemfundisha istilahi arobaini za ushairi, na alasiri hiyo nilikuwa nimegundua kwamba mbili kati yake nilimfundisha kinyume. Naye alikuwa amezishika barabara. Angekuwa mwanafunzi mvivu, labda ningelala.

Zilikuwa toni na mudi. Toni ni jinsi mshairi anavyolichukulia jambo analolisema: kwa dharau, kwa huruma, kwa hasira. Mudi ni ile hali inayomwingia msomaji, huzuni au hofu au utulivu. Mimi toni nilimpa msomaji, mudi nikampa mshairi. Maelezo hayo sikuyabuni. Niliyatoa katika daftari langu la kidato cha nne, nililolinakili kutoka ubaoni, na mwalimu wetu naye aliandika ubaoni akitazama daftari lake lililokuwa limeng'oka jalada. Shuleni kwetu somo lilikuwa kunakili. Mwalimu anaandika, nyinyi mnaandika, kengele inalia. Sikumbuki hata siku moja mtu akiuliza daftari la mwalimu lilitoka wapi.

Nilikuwa nimekwenda maktaba kutafuta mashairi ya mazoezi tu. Kurasa za mwisho za kitabu zilikuwa na orodha ya istilahi na maana zake. Nikasoma, nikadhani kitabu kimekosea. Nikachukua cha pili, kisha cha tatu. Vyote vilisema jambo moja, na halikuwa langu. Lililonichanganya zaidi ni kwamba mimi mwenyewe niliandika maelezo hayohayo ya kinyume katika mtihani wangu, nikapata alama ya juu kabisa. Kwa hiyo nililala chali nikiwaza kwamba labda msahihishaji alisomea daftari lilelile, labda nchi nzima imepindua, na nikimrekebisha mwanafunzi wangu ndiye atakayekosa. Kisha nikawaza upande wa pili. Kulipokucha nilikuwa nimechoka kama mtu aliyepandisha madumu ya maji ghorofa nne.

Mwanafunzi huyo ni mama mtu mzima, msusi. Alifundisha chekechea mashariki ya Kongo kwa miaka kumi na mmoja, kwa Kifaransa na Kiswahili. Vyeti vyake vilibaki katika nyumba ambayo haipo tena, na ili apokelewe katika chuo cha walimu wa chekechea hapa Uganda, ilimbidi afanye upya mtihani wa kidato cha nne, kwa Kiingereza, akiwa amezungukwa na watoto wa umri wa binti yake. Mwaka uliotangulia alianguka fasihi. Aliniambia mara hii ya pili ndiyo ya mwisho. Akianguka tena, atasuka nywele mpaka vidole vikatae.

Mimi nilikuwa na shahada ya fasihi na mwaka wa pili bila kazi. Kiswahili nilikirithi kwa mama yangu, Mkenya anayeuza viatu sokoni Nakivubo, na ndicho kilichonipatia mwanafunzi huyu. Mikono yake haikuwa na nafasi ya kushika kitabu, kwa hiyo tulifanya hivi: mimi nakaa kwenye benchi, nasoma neno kwa Kiingereza, naeleza kwa Kiswahili, yeye anarudia huku akisuka. Mstari mmoja wa nywele, neno moja. Kichwa kikiisha, arobaini zimekwisha.

Jumanne nilikwenda saluni kwake Kyebando nikiwa nimeazimia kusema. Alikuwa akimsuka mama wa Kiganda anayeuza ndizi za matooke jirani na saluni.

"Mwalimu, karibu. Leo uko na sura ya mtu alilala inje."

"Sikulala vizuri, mama."

"Na izo nywele? Nywele zako zinalia, zinaomba msaada." Akasimamisha kitana hewani. "Ngoja. Nywele zinalia. Iyo ni tashihisi, ama nadanganya?"

"Ni tashihisi."

"Mwarimu," akasema mteja bila kugeuza shingo, maana asingeweza, "huyu navuta mimi kichwa tangu asubuhi, naimba maneno tu. Sasa hata mimi naweza kwenda kwa mtihani."

"Tulia, nyabo. Ukitikisika mstari unapinda."

"Niulize! Mwarimu, niulize toni."

Sikumuuliza. Alijibu hivyohivyo. "Toni ni ire kitu msomaji nasikia kwa roho. Mimi nakosa?"

"Umeona?" msusi akaniambia, uso wote ukicheka. "Ata muteja anajua."

Nilifungua mdomo. Niliziona siku tatu zilizobaki, niliuona uso ule ukizimika, nikafikiri kwamba akilitilia shaka neno moja atayatilia shaka yote, na mtahiniwa mwenye shaka huandika huku akifuta. Nikasema, "Tuendelee na takriri."

Tukaendelea na takriri. Nilirudi chumbani kwangu Bukoto nikijiambia kwamba nimemhurumia. Lakini uchovu uliniambia jambo jingine: nilikuwa nimejihurumia mimi. Yeye ni mwalimu, na nilimwogopa kama tunavyowaogopa walimu.

Jumatano asubuhi simu yangu ikapokea ujumbe wa sauti kutoka kwake. Hakuwa ameurekodi kwa ajili yangu. Alikuwa amewatumia watahiniwa wenzake tisa, watu wazima anaosoma nao kanisani jioni, kisha akanipelekea na mimi ili nifurahi.

"Benzangu, musikilize muzuri," sauti yake ilisema, polepole, sauti ya mtu aliyezoea watoto wadogo. "Aya ni maneno mwalimu yangu alinifundisha, yeye alimaliza yunivasiti. Mushike vile yako, musibadilishe kitu."

Halafu akaanza, neno baada ya neno, bila kukwama. Alipofika kwenye toni nilizima. Nikakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Mpaka dakika ile nilikuwa nikipima hasara ya mtu mmoja na alama chache. Sasa watu tisa walikuwa wakinakili, na kati yao huenda wengine wangekuwa walimu.

Nilivaa kiatu cha pili, nikachukua kitabu cha maktaba, nikatembea kwa miguu hadi Kyebando. Njiani nilitunga namna tatu za kusema. Katika ya tatu lilikuwemo neno "mkanganyiko", nililoliweka ili isionekane kwamba kuna aliyekosa. Nilipofika, hapakuwa na mteja. Alikuwa akikunja taulo.

"Mama," nikasema, "toni na mudi nilikufundisha kinyume."

Aliweka taulo chini. Kisha: "Kinyume namna gani?"

Nikamwonyesha kitabuni. Alisoma kwa kidole, mara mbili.

"Nani alikosa? Daftari ama wewe?"

"Daftari lilikosea. Mimi sikuangalia."

"Umejua lini?"

Nilitamani kusema asubuhi ile. "Juzi," nikasema.

"Juzi. Na jana ulikaa apo, ukanisikia." Alikaa kwenye kiti cha wateja, ambacho sikuwahi kumwona akikikalia. "Siku mbili mbele ya mutiani. Na mi nimetuma kwa batu tisa."

"Ndiyo, mama."

"Mwalimu, na zile zingine makumi tatu na munane? Unazijua, ama ulikopi tu na zenyewe?"

Kwa usiku wote ule wa kuwaza, hilo sikuwa nimeliwaza. Ningeweza kusema nazijua, na huenda ingekuwa kweli kwa nyingi.

"Nilikopi," nikasema. "Sijaziangalia."

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyejichafua dakika ya kwenda kanisani. Kisha akachukua simu. "Benzangu, ngojeni. Ile ya toni na mudi iko kinyume, mufute. Na zile zingine musikariri kwanza. Tuko tunaziangalia." Akaiweka kifudifudi kwenye meza ya vitana. Hakuniambia ni sawa, wala hakuniambia niondoke.

Mteja akachungulia mlangoni. Mama akamwambia arudi Jumamosi.

Nilivuta benchi karibu na kiti chake. Nikafungua kitabu kwenye orodha ile ya mwisho, nikaweka daftari langu kando yake na kalamu nyekundu juu, nikaanza na neno la kwanza.