Bibi na Kitenzi cha Kisimani

Juzi mjukuu wangu, anayejifunza Kijerumani, alikaa barazani kwangu hapa Temeke kakunja uso. Kuna kitenzi kilikuwa kinamtoa kamasi: ziehen. Mie nikacheka mpaka akaniuliza nina nini. Ziehen! Tangu bibi yangu aondoke, sikuwahi kulisikia tena neno hilo kinywani mwa mtu.

Bibi alitoka kusini, alikokulia akifua nguo za masista wa Kijerumani. Kila asubuhi, kabla hajakaanga vitumbua vyake vya kuuza, tulikwenda kisimani. Huku akivuta kamba, ndoo ikigonga ukuta, alinifundisha hiyo ziehen, yaani kuvuta.

"Mke mwenzangu, sema: ich habe gezogen. Nimevuta. Lakini ukihama nyumba, neno ni lile lile, ila unatoa habe, unaweka bin. Ich bin gezogen. Nimehama. Hapo huvuti kitu, unakwenda mwenyewe."

Nilimkodolea macho. Loh! Neno moja libebe ndoo, kisha libebe na safari? Na anayelijua ni bibi yangu huyu huyu, asiyeweza kuandika jina lake! Nilimwona mkubwa kuliko mwalimu wetu.

Ilikuwa enzi za Ujamaa. Mjumbe wa nyumba kumi akapita na orodha: wasio na kazi wanarudishwa vijijini wakalime. Vitumbua havikuhesabiwa kuwa kazi.

"Shikamoo bibi," alisema, kainamisha macho. "Jumatatu utahamishwa."

Nikaangua kilio. Nilikuwa na miaka tisa, nalala naye kitanda kimoja, sikujua nyumba bila yeye inakuwaje.

Jumatatu lori likaja. Mgambo akamshika mkono ampandishe. Bibi akautoa mkono ule taratibu.

"Wacha, mwanangu. Miguu ninayo."

Akapanda mwenyewe, chuma chake cha vitumbua kwapani, akanigeukia.

"Mke mwenzangu! Habe au bin?"

"Bin!" nikapiga kelele, machozi yananiingia mdomoni.

"Haya. Usije ukasema vingine."

Hakurudi, alifia huko huko. Kisima nacho kimefukiwa, juu yake pana kibanda cha vocha. Lakini ule ujasiri wa kuchagua neno lake mbele ya mgambo, we acha tu, mpaka leo unanisisimua mwili.

Wazee wachache waliobaki mtaani husema yule bibi wa vitumbua alihamishwa. Mie nawasahihisha kila mara: alihama.