Kumi Bora wa Fundi Friji

Inatangazwa kwa umma, kwa heshima zote na bila kigugumizi, kwamba orodha ya nyimbo kumi bora za nyakati zote imekamilika. Ubishi uliodumu tangu binadamu wa kwanza agonge gogo na wa pili amwambie apunguze kelele sasa umefungwa rasmi. Kazi hii haikufanywa na jopo la maprofesa. Imefanywa na fundi friji mmoja mwenye kitambi cha wastani na ovaroli lenye doa la mafuta kifuani, katika kurasa za mwisho za daftari ambalo mbele limejaa majina ya wateja na magonjwa ya friji zao.

Umma haukuwa umeomba. Na mtu wa kwanza kuisoma orodha hiyo alikuwa mke wake, ambaye alipoimaliza aliandika barua ya kuomba uhamisho kwenda shule ya mbali, akaitia kwenye bahasha, akajipa mpaka Jumatatu kuipeleka.

Tuanze na huyo fundi. Karakana yake ni chumba kimoja kati ya duka la rangi na saluni. Friji zimepangwa ukutani kama wagonjwa kwenye foleni, milango wazi, aibu zote nje. Fundi hana imani na vipimo vya kisasa. Huchukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye mashine ya friji, mpini akaubana sikioni, akafumba macho kama anayesali.

"Huyu anakohoa," atasema. Au, "Huyu hana gesi." Au, "Huyu mzima kabisa, mama, ila umemsukumia ukutani, hapumui."

Miaka ishirini amekuwa akiziita friji "huyu". Na mtu anayeita friji "huyu" kuanzia asubuhi mpaka jioni hawezi kufika nyumbani akaikumbuka sarufi ghafla. Kijiko kwake ni huyu. Soksi iliyobaki peke yake ni huyu, na swali linalofuata ni, "Mwenzake yuko wapi?"

Sasa Mungu, ambaye anapenda utani, alimwoza mtu wa namna hiyo kwa mwalimu wa Kiswahili. Mtaa mzima humwita Mwalimu, na Fundi naye humwita hivyo hivyo, hata gizani. Ni mwanamke aliyewahi kurudisha kadi ya harusi ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, alama kumi na moja kwa ishirini, na harusini akaenda, akala, akacheza. Kwa Mwalimu, watu hudanganya, picha hudanganya, matangazo ya redio ndiyo usiseme. Lakini ngeli haina sababu ya kudanganya. Kitu kikiandikwa "huyu", kina damu.

Na dalili alikuwa nazo tangu zamani. Miezi sasa, akisimama mbele ya mumewe kumwambia jambo, mume anageuza uso kutazama ukuta, kama mtu asiyetaka kukutana na macho ya haki. Akiulizwa kitu anajibu "Nini?" kwa tabasamu la mtu aliyekuwa mbali, na pengine huko mbali palikuwa pazuri. Kisha kuna Alhamisi. Kila Alhamisi mchana Fundi hufunga karakana, huvua ovaroli, huvaa shati la bluu, na harudi mpaka saa kumi.

"Unaenda wapi?" Mwalimu alimuuliza.

"Kufuata vipuri."

Vipuri havihitaji shati la bluu. Wala mtu haendi kununua vipuri akiwa ametumia robo saa nzima kusafisha masikio kwa pamba.

Basi Jumatano moja Mwalimu alichukua daftari la mumewe kutafuta ukurasa mtupu wa kuandikia mahitaji ya nyumbani. Akalifungua kwa nyuma. Juu pameandikwa KUMI BORA, na chini yake, miongoni mwa wengine:

*1. Huyu nilikutana naye kwa kinyozi, povu usoni. Alianza taratibu. Sikuinuka mpaka alipomaliza. Dk. 6.*

*3. Wa zamani, amechakaa, anakwaruza kidogo. Lakini kazi yake anaijua. Dk. 5.*

*4. Mfupi. Ukipepesa macho ameshaondoka. Dk. 2½.*

*5. Nilimjua kwa jirani, kupitia ukuta. Dk. 4.*

*9. Nilimwacha miaka sita kwa ajili ya Mwalimu. Nimemrudia. Dk. 4.*

*10. Huyu ana wenzake wanne nyuma. Wakiitikia wote pamoja, natetemeka. Dk. 7.*

Mwalimu aliposoma wa kumi alikaa kitako sakafuni, yeye ambaye huwakataza wanafunzi kukaa sakafuni.

Hakupiga kelele. Alimpigia simu wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, karani mstaafu wa mahakama, ambaye tangu astaafu hana raha kwa sababu hakuna tena anayesimama akiingia chumbani. Mtaa humwita Karani. Kesho yake, Alhamisi, Karani alimfuata mdogo wake kwa miguu, na jioni akatokea jikoni kwa Mwalimu na karatasi mkononi.

"Kaa, wifi."

"Nimekaa."

"Kaa vizuri." Akavaa miwani, akasoma. "Saa nane na dakika tano mlengwa aliingia jengo la kijivu, akapanda ghorofa ya kwanza. Mimi nikajibanza koridoni, penye kioo. Pazia halikufungwa sawasawa. Mwanamke mmoja, koti jeupe, alisimama nyuma ya mlengwa. Akamziba sikio moja kwa kidole. Akainama, akamnong'oneza kwenye lile jingine."

"Akamwambia nini?"

"Sikusikia, wifi. Ndiyo maana ya kunong'ona. Lakini mlengwa alijibu kwa sauti."

"Alijibu nini?"

Karani aligeuza karatasi. "Kijiko."

Mwalimu alizima jiko.

"Kijiko?"

"Akanong'onezwa tena, akasema, 'Dirisha.' Mara ya tatu akakwama. Yule mwanamke akamshika bega, kwa huruma kabisa."

"Mlangoni pameandikwa nini?"

"Nilivaa miwani ya kuonea mbali. Ya kusomea niliiacha."

"Koti jeupe," alisema Mwalimu polepole. "Ni daktari."

"Au muuza nyama. Siwezi kumhukumu mtu kwa koti."

Mwalimu alikuwa ameshafungua daftari. Kidole chake kilishuka kwenye ukingo wa kulia wa ukurasa. "Tazama hapa. Dk. sita. Dk. tano. Dk. nne. Daktari wa sita, daktari wa tano. Wifi, huyu mtu anamaliza hospitali nzima."

"Na huyu wa mbili na nusu?"

Mwalimu alifikiri. "Labda bado anasoma."

Jumamosi saa nne asubuhi Fundi aliitwa sebuleni. Alikuja na bisibisi mfukoni, akidhani friji ya nyumbani imegoma. Alikuta meza imesogezwa katikati, daftari lake juu ya meza, bahasha ya uhamisho kando yake. Karani amekaa upande mmoja, na safari hii ana miwani zote mbili. Mwalimu amekaa upande wa pili na kalamu nyekundu, ambayo haikuwa na kazi yoyote, ila alihitaji kushika kitu.

"Kaa, mdogo wangu," alisema Karani. "Leo mimi sina mdogo wala wifi. Nina faili."

"Umeniita mdogo wako sasa hivi."

"Ifutwe. Bahasha hii ina barua ya mkeo kuomba uhamisho. Jumatatu inaondoka, au haiondoki, kutegemea majibu yako. Umeelewa?"

Fundi aliitazama bahasha. "Nimeelewa."

"Daftari hili ni lako?"

"Langu."

"Na mwandiko?"

"Wangu. Mbaya hivyo utakuwa wa nani mwingine?"

"Hawa kumi, uliwapata wapi?"

Fundi aligeuza uso kuelekea ukutani, na Mwalimu akaliandika hilo pembeni kwa wino mwekundu. "Wengi redioni," alisema. "Mmoja kwa kinyozi. Wa tano kwa jirani."

"Jirani yupi?"

"Yule dereva."

"Na dereva anajua?"

"Atakosaje kujua? Yeye ndiye aliyekuwa akimfungulia kila asubuhi."

Karani alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena. Katika miaka thelathini ya mahakama hakuwahi kumpata mshtakiwa mwenye ushirikiano wa aina hii.

"Sasa hivi wako wapi?"

"Wote kumi ninao kwenye simu."

"Mkeo anajua?"

"Baadhi anawajua. Huyo wa tisa alimkataza mwenyewe."

"Mimi nimemkataza nani?" Mwalimu aliuliza.

"Wa tisa. Tulipohamia hapa. Ulisema anakuumiza kichwa, nikamwacha. Halafu nikamrudia kulekule karakanani, kwa sauti ya chini, nisikuudhi."

"Unakiri," alisema Mwalimu, "umekaa kwenye kochi langu, unakiri kama mtu anayeagiza chai."

"Sasa nifiche nini?"

"Twende na utaratibu," Karani aliingilia, kwa sababu kalamu nyekundu ilikuwa imeshaanza kupinda. "Huyu daktari wa mbili na nusu ni nani?"

"Nini?"

"Dk. mbili na nusu. Hapa. Wa nne."

Fundi aliinama, akasoma. "Dakika," alisema. "Dakika mbili na nusu. Ni mfupi."

"Nani mfupi?"

"Wimbo."

"Wimbo gani?"

"Huyo wa nne. Hao wote ni nyimbo." Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani nyie mlidhani ni nini?"

Karani ghafla alivutiwa sana na gundi ya bahasha. Mwalimu alikuwa mwekundu kuliko kalamu yake, lakini mwalimu haanguki bila kutetea kanuni.

"Wimbo huu," alisema. "Wimbo ule. Wimbo umechakaa, wimbo unakwaruza, wimbo niliuacha. Nimekufundisha hivyo tangu uchumba. Wimbo hauna 'huyu'."

"Ana sauti," alisema Fundi. "Ana mwanzo wake na mwisho wake. Kuna siku anakuwa vizuri na siku hayuko sawa. Bisibisi ndiyo haina lolote, na hata yeye namwita huyu."

"Thibitisha," alisema Karani.

Fundi alitoa simu, akamfungulia wa kwanza. Gitaa lilianza taratibu kweli, kama mtu anayepanda ngazi akiwa amebeba kitu cha kuvunjika, kisha likaja gitaa la pili kumpokea mzigo. Ngoma ikaingia kwa adabu. Mguu wa Karani ulianza kupiga sakafu bila idhini ya mahakama.

Mwalimu alisikiliza nusu dakika. Bahasha ilikuwa bado mezani, na yeye hajaigusa.

"Hizo ni nyimbo, nimekubali," alisema. "Na Alhamisi? Yule wa koti jeupe naye ana dakika ngapi? 'Kijiko' ni wimbo wa nani?"

Fundi alimtazama dada yake. "Ulinifuata?"

"Faili lilikufuata," alisema Karani, akitazama dari.

Fundi alipunguza sauti ya simu. Akatoa bisibisi mfukoni, akaiweka mezani juu ya daftari, mpini ukimwelekea mkewe.

"Sikio la kushoto limekwisha," alisema. "Tangu mwaka jana. La kulia linafuata, polepole. Yule ni daktari wa masikio. Ananinong'oneza maneno, mimi nayarudia. Kijiko nililipata. Dirisha nililipata. La tatu sikulipata."

"Lilikuwa neno gani?"

"Nitajuaje, Mwalimu? Sikulipata."

Mwalimu aliupitia upya ushahidi wake wote, kipengele kwa kipengele: uso unaogeukia ukuta ili sikio zima limwelekee, lile "Nini?" na tabasamu lake, pamba ya Alhamisi. Kila jibu lilikuwa sahihi. Swali ndilo alilolikosea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nani atamleta friji wake kwa fundi asiyemsikia? Na wewe ungeanza kuniongelesha kama darasa la kwanza." Akalisogeza daftari. "Nikaona nichague kumi wa kukariri. Niwajue mpaka pale mpiga ngoma anapokohoa. Masikio yakija kufungwa, wao wawe wameshaingia ndani."

Karani alisimama, akasema anakwenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba, akaacha mkoba wake kwenye kochi, upande wa kulia wa Fundi. Kwa hiyo Mwalimu alikaa upande uliobaki.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mtaa mzima haujawahi kulishuhudia. Mwalimu aliomba radhi. Akiwa ametazama mikono yake, alisema kwa sauti ya chini kwamba ameishi na mtu miaka kumi na tisa akaviamini vionyeshi kuliko kumwamini yeye. Kwamba barua ataichana, yeye mwenyewe, sasa hivi, na akaichana. Kwamba Alhamisi watakwenda wote, na hilo neno la tatu atamuuliza daktari, amfundishe nyumbani. Kwamba wa tisa anamruhusu, hata sebuleni. Na kwamba kuanzia leo, ndani ya nyumba hii tu, wimbo unaweza kuitwa huyu. Sauti ilimtetemeka mara mbili, lakini sarufi haikuyumba hata mahali pamoja. Alipomaliza alisubiri, vipande vya barua mapajani.

Fundi alikuwa anatazama simu, wa kwanza akimalizia. Alipoinua macho aliiona midomo ya mkewe imefungwa, na karatasi iliyochanika.

"Umekaa sikio bovu," alisema. "Hamia huku, uanze upya."