Mdomo wa Mama Pichani

Binti yangu ana miaka sita na anamwogopa mama yangu. Hawakuwahi kuonana, mama alifariki kabla mtoto hajazaliwa. Anachokijua ni picha moja tu iliyo ukutani juu ya televisheni: mama ameketi wima, mikono mapajani, midomo imebanwa, anakutazama kama mtu aliyekushika ukiiba sukari.

Jioni moja mtoto akaniuliza, “Mami, mbona nyanya amenikasirikia?” Akakataa kubaki sebuleni peke yake. Baba yake akasema, kwa nia njema, tuishushe picha tuiweke chumbani. Haki ya Mungu, nilimwambia wa kwanza kutoka kwa hiyo sebule atakuwa yeye.

Lakini niliumia. Kila mgeni akiingia kwetu huangalia picha hiyo na kusema, “Eh, huyu mathe hakuwa na mchezo.” Hakuwa na mchezo! Mama yangu, ambaye akikaanga samaki wa omena jioni huku akiigiza kwaya ya kanisa na kucheka, majirani wetu wa kota za reli walikuwa wanagonga ukuta waambiwe kuna nini. Nakumbuka kicheko hicho kuliko hata sauti yake ya kuniita.

Shida ilikuwa meno. Sisi tuliokunywa maji ya visima vya Nakuru tangu utotoni tunajuana: meno ni ya kahawia, na hakuna mswaki wa kuyatoa rangi. Nyumbani mama hakujali. Akiona kamera tu, mdomo unafungwa kama duka siku ya Jumapili. Watu wa baba, kule magharibi, waliona picha yake ya usichana kabla ya kumwona mwenyewe, wakasema kijana wao amejiletea askari jela. Alipofika, siku ya pili tu mama mkwe wake alikuwa akimfuata jikoni amsikie akicheka. Picha zake hazikucheka, na sasa imebaki hii moja tu. Nisipofanya kitu, nikawaza, mtoto wangu atakua akijua nyanya yake alikuwa mtu mbaya.

Basi nikazima televisheni, nikaishusha picha, nikamkalisha mtoto karibu nami. Akafunika macho.

“Nilikuwa mdogo kama wewe,” nikamwambia. “Siku hiyo mimi nilikuwa hapo.”

Tulikuwa tumeenda studio mjini, ile yenye pazia lililochorwa flamingo. Kulikuwa na koti moja la kuwaazima wateja, kubwa ajabu, na baba alikuwa mwembamba. Mpiga picha akalikunja kwa nyuma, akalibana kwa vibanio vya nguo, na mbele baba akawa meneja kabisa. Akapigwa yake. Zamu ya mama ikafika, akaketi, akafunga mdomo.

“Mathe, cheka kidogo,” mpiga picha akabembeleza.

“Piga hivyo hivyo.”

Hapo baba, yaani guka wa mtoto, akiwa nyuma ya kamera, akageuka polepole akatuonyesha mgongo, vibanio vyote vimesimama, akaanza kutembea kwa madaha kama anakagua gwaride. Woi! Mimi nilianguka chini kwa kucheka. Mama akatetemeka mabega, akabana midomo kwa nguvu zake zote, na wakati huo huo kamera ikalia.

“Sasa angalia macho yake,” nikamwambia mtoto. Yalikuwa na maji. Hata mimi ilibidi nisogee karibu ndiyo niyaone.

Akaondoa mikono usoni. Akatazama kwa muda mrefu.

“Anajizuia kucheka?”

“Anajizuia.”

“Hata mimi naweza.”

Akapanda kitini, akakaa wima, akaweka mikono mapajani. “Haya, fanya vile guka alifanya.” Nikasimama, nikampa mgongo, nikatembea kwa madaha, na mimi si mwembamba na sebule yetu ni ndogo. Niligonga meza. Nilipogeuka, midomo yake ilikuwa imebanwa, mabega yanatetemeka, macho yamejaa maji. Alikuwa mama yangu kabisa, ambaye sikuwa nimemwona tangu tumzike. Nikaketi sakafuni nikalia, naye akashindwa kujizuia, akacheka.