Filamu ya Zaitun Isiyo na Hadithi

Zaitun ni fundi cherehani hapa Nkowe, jirani yangu, na tangu alipoanza kutengeneza filamu kwa simu sikumwamini. Filamu gani haina anayependa wala anayekufa? Anachukua moshi wa korosho zinazochomwa, juu yake anapachika nyuso zetu, juu ya nyuso maji ya mvua. Sauti nazo anazirundika: kinu, mashine ya kupulizia mikorosho salfa, kuku. Nilisema wazi kwamba mwanamke mwenye akili zake hamalizi bando kwa ajili ya moshi. Alikuwa na lake jambo.

Siku alipotuonyesha kwenye televisheni yake, nikasikia chini ya zile kelele wimbo wa unyago, ule usioimbwa mwanaume akasikia. Sikungoja mwisho. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi Mwanne, kungwi wetu, nikamwambia Zaitun ameuanika wimbo, na kabla ya adhuhuri Amna, binti wa Zaitun, alikuwa ametolewa kwenye kundi la wanawali watakaochezwa unyago mwaka huu. Msichana asiyechezwa hapa kwetu wenzake humkwepa mpaka anazeeka.

Kesho yake Zaitun alikuja na simu uani kwa Bibi Mwanne. Wanawake tulijaa.

“Nilirekodi mnavyobangua korosho, basi,” alisema. “Naondoa sauti mojamoja, msikie wenyewe.”

Akatoa kinu. Akatoa mashine, akatoa kuku. Mimi nimekunja mikono, nasubiri aumbuke.

Zikabaki korosho zikibanguliwa, na bibi mmoja akijiimbia taratibu huku mikono inafanya kazi. Katikati ya wimbo mwanaume akapita akisema shikamoo bibi. Akaitikiwa marahaba, na wimbo ukaendelea. Hakuna aliyeuliza anayeimba ni nani; sauti ile sote tuliijua.

Bibi Mwanne aliomba irudiwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga upya.

“Wimbo nimeutoa mimi mwenyewe,” alisema. “Amna achezwe. Kungwi mtafute mwingine.”

Zaitun akaanza kulia, maana yeye mwenyewe alichezwa na Bibi Mwanne, na alitaka mwanawe apite mikono ileile.

“Naifuta, bibi. Naifuta filamu yote, wala hakuna atakayejua.”

“Simu utaifuta,” Bibi Mwanne alisema. “Na midomo?”

Hakumtazama Zaitun alipouliza hivyo. Alinitazama mimi.